Mama mkubwa alisema ni chango

Binti yangu ana miaka 13. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, alikuwa amechuchumaa uani anafua soksi za shule. Ghafla akashika kinena upande wa kulia, na kabla sijamfikia akawa ametapikia beseni.

"Tumbo linasokota, mama."

Mama mkubwa, aliyekuja kututembelea, akasema ni chango. Nikachemsha tangawizi, nikampa panado. Adhuhuri akaamka anacheka, anataka chapati. Nikajua yamepita. Kosa langu lilianzia hapo: tulikuja kujua kilichomuuma ni ovari, kiungo cha mayai ya uzazi, iliyojisokota, nayo inaweza kujisokota, ikajisokotoa yenyewe, kisha ikajisokota tena. Nafuu ile ilitupotezea muda wa saa kumi.

Usiku yakarudi. Zahanati ya jirani walimpima mkojo na damu, wakatupa dawa za UTI na taifodi. Homa hana, mkojo haumuumi, na mimi nimesimama pale napokea bahasha za vidonge bila kuuliza swali.

Hospitali tuliyokimbilia baadaye, daktari wa zamu alianza na kidole tumbo. Simlaumu, maana ovari ya kulia ndiyo hujisokota zaidi. Kushoto utumbo mpana umebana nafasi. Kilichomtia shaka ni mwanzo wake. Kidole tumbo aghalabu huanza taratibu karibu na kitovu, ndipo maumivu yahamie kulia. Akamgeukia binti, si mimi: "Ulikuwa unafanya nini yalipoanza?" Mtu anayekumbuka mpaka soksi aliyokuwa ameishika, maumivu yake yameanza kwa kishindo. Kwa hiyo andika saa, na umwache mtoto ajieleze mwenyewe.

Wakapima na mimba. Nilinuna, nakiri. Usinune, binti akishavunja ungo ni kipimo cha kawaida, kwani mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo huuma vivyo hivyo.

Ultrasaundi ilipitia juu ya tumbo, kibofu kimejazwa kwa dripu, kwa hiyo mzazi asiogope kwamba lazima kipimo kipitie ukeni. Ovari ya kulia ilikuwa imevimba, ina uvimbe wa maji, na damu bado inapita. Nikashusha pumzi. Daktari akanikatiza: ovari hupata damu kwa njia mbili, hivyo kuiona damu hakuondoi uwezekano kwamba imejisokota. Jibu la uhakika ni kufungua na kuangalia.

Kabla ya kusaini fomu niliuliza swali moja ambalo najivunia: "Mtaisokotoa au mtaitoa?" Walisema wataisokotoa. Waliikuta imepiga zambarau, karibu nyeusi, na wakaiacha mahali pake. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kilishauri hivyo mwaka 2019: rangi peke yake haithibitishi kwamba ovari imekufa, na nyingi hupona damu ikirudi.

Wiki ya sita tulirudi kupimwa. Mpimaji akanionyesha kwenye skrini vijiduara vyeusi ndani ya ovari ileile, vifuko vya mayai vinakua.

Mama mkubwa nimemweleza yote kwa simu. Kasema sawa, lakini lile lilikuwa chango.