Kwa mnaoanza kazi kitengo cha moyo: mwaga mfuko wa dawa kwanza

Wadogo zangu mnaotoka chuoni na kuingia kitengo cha moyo, wengine wauguzi wabobezi (nurse practitioner), wengine wasaidizi wa daktari (physician assistant), ninyi mnaoona wagonjwa na kuandika dawa bila kuwa madaktari, karibuni. Kila mwaka naletewa mmoja au wawili wenu nikae nao, na karibu wote huja na hamu ileile. Wanataka kuisoma ECG, ile karatasi ya umeme wa moyo, kama wanavyosoma ujumbe wa simu. Wanataka kuingia chumba cha kuzibulia mishipa, wanataka kuona betri ya moyo ikipandikizwa. Siwalaumu, nami nilikuwa hivyo hivyo. Lakini miaka yangu ya kazi hii hapa Marekani imenionyesha kwamba riziki yetu haiko kwenye mashine. Iko kwa mgonjwa aliyeruhusiwa juzi, katika zile siku ambazo yuko nyumbani na hakuna anayemtazama.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa mwaka wa pili kwenye kliniki ya wagonjwa wa moyo kushindwa, yaani moyo usiosukuma damu ya kutosha. Akaja mama mmoja mtu mzima ambaye moyo wake ulikuwa unasukuma 25% tu ya damu iliyomo kila unapopiga, wakati moyo mzima husukuma zaidi ya nusu. Mimi na daktari bingwa tukakubaliana tumtoe kwenye lisinopril tumpe kile kidonge cha mchanganyiko wa sacubitril na valsartan. Dawa hizi hazikutani. Ukiacha ya kwanza unasubiri saa 36 ndipo uanze ya pili, la sivyo uso, ulimi na koo vinaweza kuvimba mpaka mtu akakosa hewa. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nikafuta lisinopril kwenye orodha, nikatuma cheti kipya famasi, nikamweleza mama taratibu, akaitikia kwa kichwa. Nikaridhika.

Wiki moja baadaye akarudi na mfuko wa plastiki, maana nilimwambia aje na dawa zake zote. Akaumwaga mezani. Chupa tisa. Nikazipanga mstari mmoja, na ya sita ilikuwa lisinopril iliyobaki nusu, pembeni yake ile mpya nayo imeshaanza kupungua. Nikamuuliza kwa upole kama bado anaimeza hii. "Hii ni ya presha," akanijibu. "Wewe uliniambia niache ya moyo." Kwake presha na moyo vilikuwa vitu viwili, na mimi sikuwahi kumwambia kwamba kidonge kilekile kilikuwa kinafanya kazi zote mbili. Nikamtazama midomo, nikamwomba atoe ulimi, nikamsikiliza anavyovuta pumzi. Mungu alimnusuru. Nikatoka nje nikampigia daktari bingwa huku mikono inatetemeka.

Tangu siku ile sitosheki na kumwambia mgonjwa aache dawa fulani. Naichukua chupa yenyewe, napiga msalaba mkubwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito mbele ya macho yake, halafu namwomba yeye ndiye anieleze mimi: hii unakunywa lini, hii umeacha kwa nini. Inakula dakika kumi. Utaambiwa huna dakika kumi. Zitafute.

Nimetangulia na kisa hiki kwa sababu ndani yake mna kazi yetu nzima. Kada hizi mbili zilizaliwa mwaka mmoja, 1965: ya wauguzi wabobezi Chuo Kikuu cha Colorado, kwa juhudi za Loretta Ford na Henry Silver, na ya wasaidizi wa daktari Chuo Kikuu cha Duke chini ya Eugene Stead, ambaye wanafunzi wake wa kwanza walikuwa matabibu wa zamani wa jeshi la majini. Wote waliona pengo ambalo madaktari waliokuwepo hawakutosha kuliziba. Kwenye moyo, pengo letu ni hizo wiki za baada ya kitanda.

Chukua moyo kushindwa wa aina ya pampu dhaifu. Siku hizi mgonjwa hutakiwa kuwa kwenye makundi manne ya dawa, na karibu yote huongezwa kidogo kidogo huku ukichungulia presha, mapigo, kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu, madini ya damu ambayo yakizidi huvuruga mapigo ya moyo. Utafiti uitwao STRONG-HF, uliotoka 2022, uliwachukua wagonjwa waliolazwa, ukawafikisha kwenye dozi kamili ndani ya wiki mbili baada ya kuruhusiwa, ukawaita mara kwa mara kuwakagua. Ndani ya siku 180, waliokufa au kulazwa tena kwa ajili ya moyo walikuwa 15.2%, dhidi ya 23.3% kwa waliotibiwa kwa mwendo wa kawaida. Dawa ni zilezile zilizokuwa kabatini siku zote. Kilichoongezeka ni mtu wa kumwona mgonjwa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita. Sasa angalia ratiba ya daktari bingwa unayefanya naye kazi, uniambie mtu huyo atakuwa nani.

Kwa hiyo ushike mambo madogo. Ukimwanzishia mtu spironolaktoni, mojawapo ya dawa hizo na inayopandisha potasiamu, pima potasiamu baada ya kama wiki moja, upime tena ya nne. Ikipita 5.5, punguza au simamisha. Na uulize kuhusu chumvi! Tunawakataza wagonjwa chumvi, wao kwa utiifu wao wanakwenda kununua chumvi mbadala, na hiyo mara nyingi ni potasiamu tupu. Nimeshaona potasiamu ikipanda kwa sababu hiyo tu, na kwenye orodha ya dawa hakuna lolote la kukustua. Mzani nao: mwambie ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, na apige simu akiongezeka ratili 3 kwa usiku mmoja au 5 kwa wiki. Halafu muulize kama ana mzani. Wengi hawana, na wanaona haya kusema.

Jifunze shingo. Mlaze mgonjwa mgongo umeinuka kama nyuzi 45, kichwa kigeuke kidogo kushoto, umulike kwa pembeni, usubiri. Usiwe na pupa. Mara ya kwanza hutaona kitu, mara ya ishirini utaona mshipa ukicheza juu kuliko unavyopaswa, na utajua mwili umejaa maji hata kama miguu haijavimba. Daktari mmoja aliyenilea kazini alikuwa hanisikilizi habari ya majibu ya damu mpaka kwanza nimwambie shingo inasemaje. Nilimwona mkaidi. Leo nawafanyia wanafunzi wangu vilevile.

ECG utaizoea, usihofu. Mgonjwa wa maumivu ya kifua anayeingia mlangoni apigwe ECG na isomwe ndani ya dakika 10. Hilo halina mjadala. Wewe funika yale maneno ambayo mashine imeyachapa juu ya karatasi, isome mwenyewe, kisha ufunue ulinganishe. Na tafuta ya zamani kwenye faili kabla hujamwamsha mtu.

Sasa habari ya njia za kupita, maana maswali yenu mengi ni hapo. Wauguzi, angalieni mnasomea nini. Hapa Marekani cheti cha uuguzi mbobezi kinafungwa na aina ya wagonjwa: aliyesomea afya ya familia ameandaliwa kwa kliniki, na aliyesomea wagonjwa mahututi watu wazima ameandaliwa kwa wodi na ICU, yaani chumba cha mahututi. Nimewaona wenzangu wakipewa kazi ICU ya moyo kwa cheti cha familia, na baada ya muda wakalazimika kurudi shule kutafuta cheti kingine huku wana watoto na mkopo. Kama unaipenda wodi, amua kabla hujajisajili. Majimbo nayo yanatofautiana: mengine yanamwacha muuguzi mbobezi aandike dawa bila kusimamiwa, mengine yanadai mkataba na daktari.

Wasaidizi wa daktari hawana kikwazo hicho. Ninyi mnafundishwa kila kitu, mnazunguka idara mbalimbali kwa takriban saa 2,000, na mnaweza kuhama kutoka mifupa kwenda moyo bila cheti kipya. Upasuaji wa moyo unawapenda sana: mara nyingi wakati daktari anafungua kifua, msaidizi ndiye anayetoa mshipa wa mguuni utakaopandikizwa. Ubaya wa uhuru huo ni kwamba unaweza kufika kitengo cha moyo ukiwa umeuona moyo kwa wiki nne tu tangu uanze shule. (Chama chao kiliamua 2021 kubadili jina kutoka "msaidizi" na kuwa kama "mshirika". Wagonjwa bado wanawaita madaktari, na ni wajibu wenu kuwasahihisha kila mara.)

Kuna kitu hakuna chuo kinachokufundisha, nacho ni simu za bima. Dawa mpya za moyo ni ghali, bima zinataka kibali, na barua ya kuomba kibali utaiandika wewe. Tengeneza mfano wake mmoja mzuri wenye nafasi ya kujaza asilimia ya pampu, dawa alizoshindwa na tarehe. Utakuokolea majioni mengi.

Mwisho ni mkataba. Mshahara jadili, lakini usianze nao. Uliza nitafundishwa na nani, kwa miezi mingapi, na katika miezi hiyo nitaona wagonjwa wangapi kwa siku. Uliza kama wagonjwa watakuwa wangu, nitawaona tena na tena, au nitakuwa mtu wa kuandika barua za kuruhusu watu ambao sitawaona tena. Mimi kazi yangu ya kwanza ilikuwa hiyo ya barua. Niliandika vizuri sana na sikujifunza kitu mwaka mzima. Kisha uliza swali hili, ukimtazama usoni anayekuhoji: saa nane usiku, mgonjwa presha imeshuka na sijui kwa nini, nampigia nani? Sikiliza kama anataja jina. Akikwambia "hayo tutayapanga ukishaanza", mshukuru kwa muda wake, uendelee kutuma maombi kwingine.