Majibu kwa Wasomaji: Kuuza Kamera Iliyotumika Mtandaoni

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mpiga picha wa harusi na mahafali hapa Tanga. Nina kamera ya Nikon D750 niliyoinunua ikiwa mpya, pamoja na lenzi mbili, AF-S 24-120mm f/4 na AF 50mm f/1.8D. Nataka kuviuza mtandaoni ili nihamie kwenye kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani. Nimevitangaza vyote kwa mkupuo, nikaandika kwamba vina hali nzuri sana na kwamba anayetaka bei anipigie, lakini wanaopiga ni madalali wanaotaja bei ya kutupa. Lenzi ya 50mm ina kitu kama utando ndani ya kioo, nami sikukitaja nikihofia kuwafukuza wateja. Sasa yuko mtu wa Mwanza anayetaka nimtumie kamera kwa basi, alipe akishaipokea. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Salaam zako zimefika, ndugu yetu. Tuanze na hiyo lenzi ya 50mm, kwa sababu ndiyo inayoweza kukuharibia biashara yote. Utando unaoueleza una dalili zote za fangasi, tatizo linalojulikana sana kwa wapiga picha wa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, ambako hewa ina unyevunyevu na vifaa hukaa muda mrefu ndani ya mikoba iliyofungwa. Ili uhakikishe, itoe lenzi kwenye kamera, zungusha pete yake hadi f/1.8 ili tundu la kupitishia mwanga lifunguke lote, kisha mulika kwa tochi ya simu upande mmoja huku ukitazama upande wa pili na kuiinamisha lenzi kidogo kidogo. Vumbi litaonekana kama nukta zilizotawanyika, ilhali fangasi huonekana kama nyuzi nyembamba zinazotambaa na kuchipua matawi, mithili ya utando wa buibui.

Mnunuzi anayeijua kazi atafanya kipimo hicho hicho mbele yako, na akigundua ulichoficha hatakuamini tena hata kuhusu kamera na lenzi iliyo nzima. Iandike kasoro hiyo waziwazi katika tangazo, weka picha ya lenzi ikiwa imemulikwa na tochi, na uiuze peke yake kwa bei inayolingana na hali yake. Fangasi kidogo mara nyingi haionekani katika picha, isipokuwa unapopiga ukilielekea jua au taa kali, ambapo picha hupauka. Fundi anaweza kuifungua na kuisafisha, ingawa ikiwa fangasi imeshakula tabaka laini lililopakwa juu ya kioo, alama hubaki. Wapo wanaojifunza upigaji picha watakaoinunua wakiyajua hayo yote. Hiyo nyingine ya 24-120mm ihifadhi leo hii katika chombo kinachofungika vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, hadi itakapopata mnunuzi.

Maneno "hali nzuri sana" huandikwa na kila muuzaji, kwa hiyo hayamsaidii mnunuzi kuamua lolote. Anachotaka kujua kwanza kuhusu bodi, yaani kamera bila lenzi, ni mara ngapi imefanya kazi shata, kile kilango cha ndani kinachofunguka na kufunga kila unapopiga picha. Shata ya D750 ilitengenezwa na kupimwa kwa kiwango cha mizunguko 150,000. Ikifika hapo haifi papo hapo, lakini kiwango hicho ndicho ambacho wanunuzi hukitumia kupima umri wa kamera. Idadi ya mizunguko huandikwa na kamera yenyewe ndani ya faili la kila picha, nawe utaiona ukilifungua faili hilo kwenye kompyuta kwa programu ya kusoma taarifa za picha. Tumia picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, isiyopitia programu ya kuhariri. Mnunuzi akitaka kuhakikisha mwenyewe, mtumie faili hilo kwa WhatsApp kama hati, kwa maana likitumwa kama picha ya kawaida taarifa hizo hupotea njiani.

Liko jambo jingine linaloihusu D750, na mnunuzi makini atakuuliza. Mwaka 2015 Nikon ilitangaza kwamba shata za baadhi ya kamera hizo huenda zisifanye kazi ipasavyo, ikajitolea kuzitengeneza bila malipo, na katika miaka iliyofuata ikaipanua orodha ya kamera zilizohusika. Kamera hizo zilitambuliwa kwa namba iliyochapwa chini ya bodi. Iangalie namba yako, na kama iliwahi kuwamo katika orodha, eleza kama ilitengenezwa au la. Namba yenyewe usiionyeshe kwenye picha za tangazo, kwa kuwa matapeli huichukua wakajifanya wenye mali. Mpe mnunuzi aliyekwisha kuonyesha nia ya kweli, pamoja na risiti yako ya kununulia.

Picha za tangazo zipige wewe mwenyewe, mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Onyesha kamera kutoka pande zote, skrini ikiwa imewashwa, sehemu ya kufungia lenzi, na kila mkwaruzo kwa karibu. Ongeza picha moja ya ukuta mweupe au anga tupu iliyopigwa kwa f/16, yaani tundu likiwa dogo, ambayo humwonyesha mnunuzi kama kihisi, sehemu ya ndani inayopokea mwanga na kutengeneza picha, kina madoa ya vumbi.

Kuhusu bei, tunakushauri uiandike. Mtindo wa kumwambia mteja apige simu au aje faragha ndipo atajiwe bei humfanya mnunuzi mwenye fedha zake apite, akabaki dalali ambaye kazi yake ni kupiga simu. Bei unazoziona kwenye matangazo ya wengine ni za kuombea tu, na tangazo lililokaa miezi mitatu bila kuondolewa linakueleza kwamba bei yake haikukubalika. Fuatilia yale yanayoondoka haraka, weka bei iliyo karibu na hizo, na uache nafasi ndogo ya maelewano, kwani mnunuzi wetu asiyepunguziwa hata kidogo huondoka na kinyongo.

Tenganisha pia vifaa, isipokuwa betri na chaja, ambavyo viende na bodi. Lenzi yako ya 24-120mm ina wanunuzi wa aina mbili: wenye kamera za Nikon kama yako, na waliohamia kwenye kamera za Nikon zisizo na kioo cha ndani, za mfululizo wa Z zilizoanza mwaka 2018, ambao huifunga kwa adapta ya FTZ, kiunganishi cha lenzi za zamani kwenye kamera hizo, nayo ikaendelea kujilenga yenyewe. Ile ya 50mm haina mota ya kulenga ndani, hivyo kwa adapta hiyo italengwa kwa mkono tu, jambo linalostahili kutajwa pia. Ukiweza, tangaza mapema kabla ya mwezi wa Shaabani au kabla ya Desemba, kwa sababu wapiga picha wa harusi hununua vifaa wakati kazi zinapoanza kuingia.

Huyo mteja wa Mwanza usimtumie kamera kabla ya malipo, hata awe na maneno matamu kiasi gani. Hofu yake nayo ni ya haki, kwa sababu hakujui. Mpendekezee ndugu au rafiki yake aliye Tanga aje kuikagua na kulipa, au mpigie simu ya video umwonyeshe kamera ikifanya kazi, kisha alipe nawe uisafirishe. Ukiisafirisha, itoe lenzi kwenye bodi, weka vifuniko, zungushia plastiki ya mapovu, na katika ofisi ya vifurushi utaje kilichomo na thamani yake ili viandikwe kwenye risiti. Mkikutana ana kwa ana, iwe mchana na mahali penye watu, mwache mnunuzi aweke kadi yake mwenyewe ya kuhifadhia picha apige picha, na mwandikiane hati ya mauziano yenye majina yenu, namba za vitambulisho, namba ya kamera na sahihi za wote wawili. Hati hiyo itamlinda yeye akiulizwa siku moja kamera ameitoa wapi, na itakulinda wewe ikitumika mahali pabaya.

SWALI: Mshauri, niliuza flashi kwa mtu aliyenionyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, na mimi nikapokea ujumbe kama huo. Alipoondoka nikakuta salio langu halijaongezeka. Sasa nauza lenzi na ninaogopa. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Pole sana. Ujumbe hughushiwa kwa urahisi, na ule ulio kwenye simu ya mnunuzi usiuhesabu kabisa. Piga *334# wewe mwenyewe, au fungua programu ya M-Pesa kwenye simu yako, utazame salio kabla mkono wako haujaiachia lenzi. Mnunuzi wa kweli atasubiri dakika hizo mbili. Anayekuharakisha kwa kusema teksi inamngoja, mwache aende na teksi yake. Kumbuka pia kwamba kupokea fedha hakuhitaji namba yako ya siri hata kidogo. Akikutumia kiungo akidai ukibonyeze na kuingiza namba hiyo ili malipo yaingie, au akitaka ulipe kwanza ada ya msafirishaji, kata mazungumzo. Fedha zikitoka kwenye simu ya mtu mwingine, taja jina la huyo mtu katika hati ya mauziano, kwa sababu mwenye simu anaweza baadaye kuomba muamala urudishwe akidai alikosea namba.

SWALI: Nauza kamera pamoja na kadi zake, ambazo nimezifomati. Je, picha za wateja wangu ziko salama? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Haziko salama. Kufomati kwa kawaida hufuta orodha ya mafaili tu, picha zenyewe zikabaki hadi picha nyingine zitakapoandikwa juu yake, na zipo programu za bure za kuzirudisha. Kadi usiziuze. Picha za watu waliokukaribisha kwenye harusi na misiba yao ni amana, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayomgusa kila anayekusanya taarifa za watu kwa kazi yake. Mnunuzi atanunua kadi yake mpya.

Angalia pia menyu ya kamera, sehemu ya haki miliki, ambako wapiga picha wengi huweka majina na hata namba zao za simu. Futa taarifa hizo wewe mwenyewe, kisha piga picha moja na uisome kwenye kompyuta kuhakikisha zimetoka, kwa sababu zikibaki, kila picha atakayopiga mwenye kamera mpya itaandikwa kwamba ni yako.