Je, Msalaba wa Victoria Hutengenezwa kwa Mizinga ya Warusi?

Swali: Nimesoma kwamba Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, hutengenezwa kwa mizinga iliyotekwa kwa Warusi huko Sevastopol. Je, ni kweli? Na kwa nini haikufanywa ya dhahabu?

Jibu: Nianze na dhahabu, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Hati ya kifalme ya tarehe 29 Januari 1856, iliyotolewa Vita vya Krimea, ambamo Uingereza na washirika wake walipigana na Urusi na kuuteka mji wa Sevastopol, vikielekea ukingoni, ilitaja msalaba wa shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, na ikaeleza kwamba si cheo, wala muda wa utumishi, wala majeraha yatakayompa mtu haki ya kuuvaa, ila ushujaa wa wazi mbele ya adui. Nishani ambayo baharia angeivaa sawasawa na afisa wake haikuhitaji madini ya thamani.

Suala la mizinga lina utata zaidi. Sampuli ya kwanza haikumpendeza Malkia Victoria: umbo alilisifu, lakini madini aliyaona mabaya, akalalamika kuwa ni shaba nyekundu tupu. Hapo ndipo lilipokuja wazo la kutumia mizinga iliyotekwa vitani, na kampuni ya masonara ya Hancocks ya London, ambayo bado hutengeneza nishani hiyo, ikapewa shaba kutoka Woolwich, palipokuwa na ghala kuu la silaha la jeshi huko London. Inasimuliwa kwamba shaba hiyo ilikuwa ngumu kiasi cha kupasua chapa za chuma zilizokusudiwa kuigonga, ikabidi isubiwe katika kalibu. Kwangu mimi hiyo ilikuwa ajali ya heri, kwani kusubu kuliupa msalaba michoro iliyoinuka vizuri zaidi.

Hata hivyo, mizinga miwili iliyohifadhiwa Woolwich, ambayo vifundo vyake vya nyuma vilikatwa ili kupata shaba ya nishani hizi, ilitengenezwa China, na vipimo vya eksirei vimeonyesha kwamba misalaba haikutokana na chanzo kimoja cha madini. Kwa hiyo, ukikutana na maelezo yasemayo kwamba kila msalaba, tangu ile 62 ambayo Malkia aliitoa Hyde Park tarehe 26 Juni 1857, umetoka Sevastopol, yachukue kuwa ni mapokeo ya jeshi, wala usiyanukuu kama jambo lililothibitishwa.