Maswali yenu: vichwa vya mvuke vya reli nyembamba

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Lubumbashi. Modeli mpya za vichwa vya treni za mvuke zinatangazwa kila mara Ulaya, na wasomaji wanauliza ipi inafaa kununuliwa na mtu anayekaa Katanga. Tumeanza na upana wa reli, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapotea.

Jambo wakubwa. Ninatafuta modeli ya mvuke inayofanana na treni zilizopita hapa zamani. Muuzaji mmoja ananiambia ninunue "G", mwingine H0e. Reli yetu sisi ni ipi kati ya hizo? — Papa wa Kamalondo

Papa, chukua kikokotoo kabla hujatoa pesa. Reli iliyofika Lubumbashi mwaka 1910 ikitokea kusini ina milimita 1067 kati ya chuma na chuma. Gawanya hiyo 1067 kwa kipimo cha modeli (1:87 maana yake kitu halisi ni kikubwa mara 87 kuliko modeli), utapata upana wa njia unayopaswa kununua. Kwa 1:87 unapata 12.3, kwa hiyo njia yako ni ya milimita 12, ile inayoitwa H0m. Kwa 1:120 unapata 8.9, na njia ya milimita 9 inafaa. Wapo Wajapani wanaoitumia hivyo kwa reli zao za 1067. Kwa 1:64 unapata 16.7, na hapo njia ya kawaida ya H0 (modeli za 1:87 za reli pana), milimita 16.5, inatosha kabisa. Wapenzi wa modeli wa New Zealand na Australia, ambako kuna reli za 1067 kama yetu, wamejenga sana kwa kipimo hicho na wanakiita Sn3½.

Sasa H0e. Hiyo ni 1:87 juu ya njia ya milimita 9, na 9 mara 87 ni 783. Inafaa kwa reli za milimita 750 hadi 765: zile za milima ya Austria, au ya Matadi hadi Kinshasa jinsi ilivyokuwa ilipofunguliwa mwaka 1898, kabla ya kupanuliwa. Ni modeli nzuri, ila treni ya Katanga si hiyo.

Neno "G" ndilo linalodanganya watu zaidi. Linakuambia tu kwamba njia ina milimita 45. Juu ya njia hiyo hiyo wanauza 1:20.3, 1:22.5, 1:24, 1:29 na 1:32. Mtu wa mita 1.70 ana milimita 84 kwenye 1:20.3 na milimita 53 tu kwenye 1:32, kwa hiyo ukiunganisha kichwa cha kimoja na mabehewa ya kingine, dereva wako atakuwa jitu mbele ya abiria watoto. Mwombe muuzaji urefu wa mlango wa kibanda cha dereva kwa milimita, uuzidishe kwa kipimo anachodai. Ukipata kati ya mita 1.7 na 2, amesema kweli. Kwa reli ya 1067 kwenye bustani, 1:24 ndiyo iliyo karibu zaidi: 1067 gawanya kwa 24 ni 44.5.

Kwa ndani ya nyumba sisi tungechagua 1:64, ingawa vichwa vilivyo tayari ni vichache na utajenga mwili mwenyewe. Faida yake ni kwamba chasisi za H0 ziko tele, na za mkononi (zilizokwisha tumika) ni bei nafuu. Tafuta chasisi kwa kipimo cha gurudumu, usiangalie sura. Gurudumu halisi la mita 1.2 kwenye 1:64 lina milimita 18.75, chasisi ya H0 ya kichwa ambacho gurudumu lake halisi lilikuwa mita 1.6 ina milimita 18.4. Tofauti hiyo jicho haliioni.

Mwanangu wa miaka 15 anataka kichwa kipya cha 009 (modeli ya 1:76 juu ya njia ya milimita 9) kilichotangazwa Uingereza. Duka linaomba tulipe kabla hakijatengenezwa. Tulipe? Tukisubiri, bei haitashuka? — Mama wa Kampemba

Mama, lipa arubuni tu, tena kwa duka linaloandika wazi kwamba litarudisha pesa. Vichwa hivi hutengenezwa kwa mafungu. Kalibu za chuma ni ghali na wanunuzi wa reli nyembamba ni wachache, kwa hiyo kiwanda kinatoa fungu moja la rangi chache, kisha kalibu zinawekwa kando, pengine kwa miaka. Rangi inayopendwa huisha na bei yake mkononi inapanda. Rangi ambayo watu hawakuipenda ndiyo hubaki rafuni na kupunguzwa. Kama mwanao hajali rangi, subirini.

Tazama picha za tangazo. Ikiwa ni mchoro wa kompyuta tu, kazi bado ni ya mbali, mara nyingi zaidi ya mwaka mmoja. Ikiwa ni sampuli ya plastiki isiyopakwa rangi, kalibu zimeshakatwa. Sampuli iliyopakwa rangi na kuandikwa namba ndiyo ya kuagizia bila wasiwasi.

Kwa kichwa cha kwanza, tunapendekeza chenye magurudumu sita ya kusukuma, kwa mfano Baldwin ya kampuni ya Bachmann. Injini yake halisi ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vipande 495, kwa reli ya milimita 600. Kichwa kifupi cha magurudumu manne kinavutia zaidi machoni, lakini kinachukua umeme sehemu chache na husimama kwenye kila chembe ya vumbi, na vumbi letu la Agosti mnalijua. Mwambie pia asichanganye 009 na H0e: njia ni ile ile ya milimita 9, lakini 009 ni 1:76, kwa hiyo kila kitu chake ni kikubwa kwa asilimia 14.

Kuhusu duane: ankara ioneshe msimbo wa forodha 9503, unaohusu modeli na treni za umeme za kuchezea. Kodi ya TVA ya asilimia 16 inahesabiwa juu ya bei, usafiri, bima na ushuru vikijumlishwa, si juu ya bei ya dukani peke yake. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuagiza.

Nimenunua kichwa cha mvuke halisi, cha gazi, njia ya milimita 45, kimeshatumika. Moto unaunguruma kisha unazimika, presha haifiki bar 2, na nikifungua mvuke magurudumu yanakataa kuzunguka. Je, boila imeharibika? — Fundi wa Ruashi

Fundi, dalili zako zinaonesha mambo matatu tofauti, na boila pengine ni nzima. Hata hivyo ipime kwanza, kwa kuwa ni ya mkononi: ijaze maji baridi hadi juu pasipo hewa, toa valvu ya usalama na uzibe tundu lake, sukuma kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Kama kazi ni bar 2.7, pima bar 4. Mshale ukitulia dakika kumi na hakuna jasho kwenye maungio, endelea. Usipime kamwe kwa hewa ya kompresa. Maji yakipata upenyo yanadondoka tu, hewa inapasua.

Moto. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko kule kichwa kilikotengenezwa, na bana (kichomea gazi) inapata oksijeni pungufu. Ufungue gazi kidogo kuliko kitabu kinavyosema. Washa kwenye mdomo wa dohani, acha moto urudi ndani, kisha punguza hadi mngurumo uwe mvumo laini. Ukiendelea kuzimika, jikleri (kipande chenye tundu la kupitishia gazi) imeziba. Tundu lake ni dogo sana: lifungue, lipulizie gazi kwa upande wa nyuma, wala usichokoe kwa waya, maana ukilipanua kidogo tu moto hautapata mchanganyiko sahihi tena.

Asubuhi za Juni na Julai kuna sababu nyingine. Butane inachemka karibu na nyuzi 0, na ikitoka inapoza tenki yake yenyewe. Hapo presha ya gazi inashuka na moto unalegea. Mimina maji ya vuguvugu kuzunguka tenki, ya kiasi cha kuvumilika kwa mkono. Usitafute dawa kwenye chupa ya gazi ya jikoni, ambayo huweza kuwa na propane: propane kwenye nyuzi 20 ina presha kama mara nne ya butane, na tenki hiyo ndogo haikutengenezwa kuibeba. Kopo la butane la kujazia viberiti linatosha mradi mdomo wake unashika vizuri valvu.

Magurudumu kukataa ni jambo la kawaida. Silinda zikiwa baridi, mvuke wa kwanza unageuka maji mbele ya pistoni, na maji hayabanwi. Fungua mvuke kidogo sana, sukuma kichwa kwa mkono mbele na nyuma polepole hadi dohani iteme maji yenye mafuta. Vaa kitambaa mkononi. Silinda zikishika joto kitaondoka chenyewe. Usilazimishe kwa kufungua mvuke wote, utapinda fimbo za magurudumu.

Utaratibu wa kuandaa ni mafuta, maji, gazi, na usiubadilishe. Mafuta yawe ya silinda za mvuke, daraja la 460. Mvuke wako una karibu nyuzi 140, na mafuta ya motokari yanageuka povu la kijivu lisilolainisha kitu. Jaza boila hadi juu, kisha vuta kwa sindano kama mililita 30 ili mvuke upate nafasi. Gazi ni la mwisho, mbali na moto wowote, na kila safari boila na tenki ya gazi zijazwe zote mbili: kwenye vichwa vingi gazi limepimwa liishe kabla ya maji, na ukijaza gazi peke yake moto utabaki unawaka boila ikiwa kavu. Hapo ndipo boila inaharibika kweli.

Maji ya bomba yanaacha chokaa. Maji ya mvua ni bora: acha mvua ya kwanza ioshe hewa kwa nusu saa, ndipo uweke beseni la plastiki katikati ya uwanja. Yasitoke kwenye mabati, yanakuja na zinki na vumbi. Yachuje kwa kitambaa cha pamba. Ukiagiza maji ya betri badala yake, hakikisha hakuna anayekuletea asidi ya betri akidhani ni hayo.

Safari ikiisha na presha ikishuka hadi sifuri, legeza kifuniko cha boila. Ukiiacha imefungwa, inapopoa inavuta hewa, na pamoja nayo inavuta mafuta kutoka kwenye kilainishi (kitenki cha mafuta ya silinda). Mafuta ndani ya boila yanafanya maji yatoke povu na kurushwa hadi kwenye silinda siku inayofuata. Kisha toa maji yaliyokusanyika chini ya kilainishi; ukiyaacha, hakuna nafasi ya mafuta mapya.

Umeme unakatika kila jioni. Naweza kuendesha 009 kwa betri? — Mwanafunzi wa Katuba

Ndiyo, ndugu, tena umeme wa betri ni safi. Betri ya UPS (kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) ya volti 12, Ah 7, inatosha. Kichwa kidogo kinakula ampea 0.25 hivi, ukitumia nusu tu ya betri, una saa 14. Weka fuzi ya ampea 1 karibu kabisa na nguzo chanya, kwa sababu kipande cha waya kikiangukia reli, betri itatoa ampea nyingi mno na kuyeyusha vishika-umeme vya magurudumu. Kibao cha kurekebisha mwendo kiwe cha masafa ya juu, kilohezi 20 hivi. Vichwa vipya vingi vidogo vina mota isiyo na kiini cha chuma, na vibao vya masafa ya chini vinaipasha moto hadi inaungua, hata kichwa kikienda polepole. Ukisikia mota inalia kama mbu kwenye mwendo mdogo, zima na ubadilishe kibao.