Re: Hivi Wakristo wa Kongo wanauawa kweli au ni picha za mitandaoni tu, na sisi tunasaidiaje?

Ndugu yangu ni kweli kabisa, ila hizo picha nyingi zinazozunguka WhatsApp ni za zamani au za nchi nyingine, usizisambaze. Yenyewe ya kweli inatosha. Mji wa Komanda kule Ituri, mashariki mwa Kongo, usiku wa kuamkia 27 Julai 2025, watu walikuwa mkeshani kwenye kanisa Katoliki, waasi wa kundi la ADF wakaingia na bunduki na mapanga, wakaua zaidi ya 40, watoto wakiwemo, na maduka ya pale mjini wakachoma. Na Kasindi, mpakani na Uganda, 15 Januari 2023 bomu lililipuka kwenye ibada ya ubatizo. Hawa ADF wenyewe wametokea Uganda zamani, siku hizi wako chini ya IS (lile kundi la Dola la Kiislamu), na Waislamu wanaowapinga nao wanawaua, maimamu kule Beni, hukohuko mashariki mwa Kongo, waliuawa, kwa hiyo tafadhali jirani yako Mwislamu usimwangalie vibaya kwa hili.

Kusaidia sasa. Hapa jumuiya yetu tuna mama mmoja katoka huko na wanae watatu, tulidhani anataka nguo, kumbe alikuwa anatafuta jembe na mbegu za maharage maana kashazoea kulima, so muulize mtu kwanza. Kama unataka hela ifike kulekule pitia Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, kwa ofisi ya jimbo lako, udai risiti, hizi namba za simu za kuchangia unazotumiwa na usiowajua achana nazo. Na mkiomba Jumapili itajeni Komanda kwa jina.