Ngozi na Dhahabu Visikudanganye: Vitabu vya Mitumba vya Majaji na Mawakili wa Marekani

Kijana mmoja anayesoma sheria Dar es Salaam ameniandikia wiki iliyopita. "Shikamoo kaka. Nimeona mtandaoni The Common Law ya Jaji Holmes, ya mwaka 1881. Jalada ngozi tupu, kurasa zina dhahabu pembeni, kitabu kipya utadhani hakijawahi kufunguliwa. Muuzaji anataka dola 300. Tumechanga mimi na wenzangu wawili. Tutume hela?"

Marahaba, mdogo wangu. Msitume.

Kitabu chenye dhahabu inayong'aa pande zote tatu, na utepe wa hariri wa kuwekea alama, na ngozi isiyo na hata mkwaruzo, hicho kimezaliwa miaka ya 1980. Kulikuwa na The Legal Classics Library ya Birmingham, Alabama, iliyokuwa ikiwauzia mawakili vitabu vikongwe vya sheria vilivyochapwa upya kwa kunakili kurasa za asili. Ndiyo maana ukurasa wa jina utaukuta unasema Boston, Little, Brown, 1881, kila herufi mahali pake. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Fungua kurasa za mwanzo kabisa, utakuta pameandikwa kwamba ni toleo maalumu kwa ajili ya wanachama. Ni kitabu kizuri, hata mimi ninacho. Lakini mimi hukiona kikienda kwa makumi ya dola, si mamia. Mwombeni muuzaji picha ya kurasa za mwanzo. Akianza kuzungukazunguka, jibu mmeshalipata.

Maswali ya namna hii yamekuwa mengi, nikaona bora niandike mara moja, maana najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto ileile niliyokuwa nayo: kabati lenye majaji na mawakili wakubwa wa Marekani, Holmes, Brandeis, Cardozo, Darrow na Thurgood Marshall, na mgeni akiingia sebuleni anyamaze kidogo.

Kwa wasionijua, mimi naishi Maryland na kazi yangu ni kutunza wazee, zamu za usiku. Nyumbani mnatuita wabeba boksi. Sikatai, ila mengi ya maboksi yangu mimi yana vitabu. Mzee wa kwanza niliyemtunza hapa alikuwa wakili mstaafu, macho yamekwisha, na usingizi hana. Akawa ananiomba nimsomee. Hakutaka riwaya. Alitaka hotuba za wakili Clarence Darrow mahakamani, hasa ile ya Chicago mwaka 1924, Darrow alipokuwa akiwatetea Leopold na Loeb, vijana wawili wa kitajiri waliokuwa wamekiri kumuua mtoto. Hakuomba waachiwe. Aliomba wasinyongwe tu, na akaiomba mahakama siku baada ya siku, mpaka jaji akawapa kifungo cha maisha badala ya kitanzi. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji. Mzee alikuwa ananisahihisha matamshi huku amefumba macho, na nikifika sehemu anayoipenda anatangulia kuisema kabla yangu.

Alipofariki, wanawe walikodi lile kontena kubwa la taka likaegeshwa mbele ya nyumba. Vitabu vyote vilikuwa vinaelekea humo. Nikauliza kama naweza kuchukua viwili vitatu. Wakasema chukua utakacho, utatupunguzia mzigo. Nilijaza gari mpaka kioo cha nyuma kikawa hakionyeshi kitu.

Hapo ndipo nilipoanza, na hapo ndipo maneno nayo yalipoanza. Kwenye sherehe moja ya Watanzania hapa, shemeji yangu mmoja alisimama na sahani yake ya pilau mbele ya watu akasema, "Wenzako wananunua viwanja Kigamboni, wewe unanunua makaratasi ya majaji wa kizungu, tena marehemu." Watu wakacheka. Na mke wangu alicheka. Mimi nami nilicheka, lakini mpaka leo nikimwona shemeji huyo kwenye kundi la WhatsApp akituma picha za viwanja vyake, sijibu.

Basi tuendelee.

Jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote ni hili: fungua kitabu. Jalada halikwambii kitu. Thamani ya kitabu cha jaji au wakili inakaa sehemu mbili, nyuma ya ukurasa wa jina, na kwenye mikono iliyokishika kabla yako. Vile vitabu vya ngozi mnavyoviona nyuma ya mawakili kwenye filamu mara nyingi ni ripoti za kesi ambazo siku hizi hakuna anayezisoma katika karatasi, na hapa huuzwa kwa futi, kama mbao, kwa watu wanaopamba ofisi. Ukivitaka kwa pambo, sawa. Usijiite mkusanyaji.

Nyuma ya ukurasa wa jina kila mchapishaji ana lugha yake ya kuonyesha chapa ya kwanza, ambayo ndiyo mkusanyaji anaitafuta. Scribner's, kuanzia mwaka 1930 hivi, walikuwa wanaweka herufi A peke yake kwenye chapa ya kwanza. Nilikuwa kwenye mnada wa vitabu wa maktaba, ule unaofanywa na wanaojiita marafiki wa maktaba, chini kwenye ghorofa la ardhini, meza za kukunja na maboksi ya ndizi. Nikaona The Story of My Life ya Darrow, ya mwaka 1932. Karatasi yake ya jalada, ile inayovishwa juu ya jalada gumu, imechanika juu, mgongo umepauka, bei dola 2. Pembeni yangu alikuwepo bwana mmoja mwenye kile kimashine cha kusoma namba za mistari nyuma ya vitabu. Alikichukua, akakigeuza, akakuta hakina mistari (mwaka 1932 ingetoka wapi?), akakirudisha. Nikakifungua. Ile herufi A ilikuwa pale, ndogo, haina majivuno. Bwana yule alikuwa bado amesimama jirani yangu nikalipa dola zangu mbili. Sijakiuza na sikiuzi, ingawa nimeshaambiwa bei ambayo shemeji asingeiamini.

Random House nao wana kiroja chao. Kwa miaka mingi waliandika First Edition halafu mstari wa namba (ile safu ya tarakimu inayoonyesha ni chapa ya ngapi) unaanzia 2, na hiyo ndiyo chapa ya kwanza. Kwa wachapishaji wengine wengi wenye mstari wa namba, unatafuta 1. Kwa hiyo msikimbilie kukariri sheria moja mkaitumia kwa wote. Fungueni, tazameni, ulizeni.

Jihadharini pia na matoleo ya vilabu vya vitabu, yaani nakala zilizochapwa kwa ajili ya wanachama wa klabu. Kunjua ile karatasi ya jalada utazame pembe ya ndani. Kama hakuna bei iliyochapwa, na jalada gumu la nyuma, chini karibu na mgongo, lina kibonyeo kidogo kama cha ncha ya kidole, hicho ni cha klabu. Kinasomeka vilevile, ila mkusanyaji hakilipii. Na kama pembe yenye bei imekatwa kwa mkasi, huwezi kujua bei ilikuwepo au la, kwa hiyo peleka kidole nyuma ukakitafute kibonyeo.

Sasa mikono iliyokishika. Januari 2022, nyumba ya mnada ya Bonhams iliuza vitabu vya marehemu Jaji Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Kilichopanda kuliko vyote kilikuwa nakala yake ya Harvard Law Review ya mwaka 1957 na 1958, yenye maandishi yake mwenyewe pembeni. Ilivuka dola laki moja. Jarida la sheria! Nakala ileile bila maandishi yale, ukimpa mtu bure atakuuliza akaiweke wapi. Mimi na wewe hatufiki huko, lakini kanuni inashuka mpaka kwenye maboksi ya ndizi. Majina yaliyoandikwa kwa wino, tarehe, kadi ya mwaliko iliyosahaulika katikati, barua, ugomvi wa penseli pembeni ya hukumu. Wauzaji wengi huviita uchafu na kushusha bei. Waache washushe.

Kuhusu nini cha kununua, shikeni mtaa mmoja. Ukisema unakusanya majaji wa Marekani wote utakufa maskini, na kabati litajaa The Brethren ya mwaka 1979, kuhusu Mahakama ya Juu, na Yankee from Olympus ya mwaka 1944, kuhusu Holmes, vitabu vilivyouzwa kwa wingi kiasi kwamba havikosekani kwenye mnada wowote. Mtaa wangu mimi ni mawakili Weusi waliozibomoa sheria za ubaguzi mahakamani. Charles Hamilton Houston aliyeibadili shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard akafariki mwaka 1950, miaka minne kabla ya hukumu ya Brown, ile iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma, aliyoiandalia njia. Constance Baker Motley, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho, mwaka 1966. Na mwanafunzi wa Houston, Thurgood Marshall, mzaliwa wa Baltimore hapa, ambaye ubaguzi ulimfungia mlango wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland, na leo maktaba ya shule hiyohiyo ina jina lake. Vitabu kuhusu watu hawa vingi vimetolewa na wachapishaji wa vyuo vikuu, nakala chache, na vingi viliishia kwenye maktaba, kwa hiyo jiandaeni kwa mihuri ya maktaba. Groundwork, kitabu cha mwaka 1983 kuhusu Houston, nilikitafuta kwa muda mrefu katika jalada gumu lisilo na mhuri. Nilipokipata kilikuwa na penseli ya mwanafunzi fulani aliyebishana na mwandishi ukurasa hadi ukurasa, kisha kuelekea mwisho akaacha kubishana.

Marshall hakuandika kitabu cha maisha yake. Utakusanya vya wengine kumhusu, na kimoja nakipendekeza kwa kila Mswahili, Exporting American Dreams cha Mary Dudziak, cha mwaka 2008. Kinaeleza jinsi Tom Mboya na wenzake walivyomwita awe mshauri wao wakati wa mkutano wa katiba ya Kenya pale Lancaster House, London, mwaka 1960, akaandika rasimu ya haki za binadamu iliyojali hadi mali za Wahindi na walowezi. Kabla ya London alipita Kenya. Wakoloni wakamzuia kuingia kwenye mkutano wa viongozi wa Kiafrika. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliomba angalau awasalimie watu waliokuwa nje kwa neno moja tu. Akakubaliwa. Akasema, "Uhuru!" Umati ukalipuka.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa hivi ni vitabu vya watu wasiotuhusu. Kijana wa sheria wa Afrika Mashariki anayemjua Marshall kwa kesi ya Brown peke yake amesoma nusu. Na hapa nitasema ukweli hata kama mtanichukia: wengi wenu hamtaki vitabu, mnataka picha ya vitabu. Mnaniuliza bei kabla ya kuuliza kimeandika nini. Mtu ananiambia anampenda Gideon, mfungwa aliyeiandikia Mahakama ya Juu kwa penseli kutoka jela ya Florida akidai haki ya kupewa wakili, lakini kitabu cha Gideon's Trumpet anacho na kurasa bado zimegandana. Someni kwanza. Nakala ya kusomea haigharimu kitu. Baltimore kuna The Book Thing, ghala zima la vitabu vya bure, wanachofanya ni kugonga mhuri tu kwamba kisiuzwe. Vitabu vyangu vya kujifunzia vingi vina mhuri huo. Aliyesoma anakijua kitabu cha maana kikiwa chini ya rundo, na asiyesoma atanunua ngozi na dhahabu mpaka azeeke.

Neno kwa walioko Pwani. Ngozi kuukuu ya vitabu vya sheria vya karne ya 19 huoza ikawa unga mwekundu unaobaki mikononi na kwenye kanzu, na ukungu wa Tanga hauna huruma nayo. Dada yangu alivifunga vile nilivyompelekea kwa nailoni ili visipate vumbi. Alipofungua, vilikuwa vimeota manyoya. Visifungwe. Viwekwe mbali na ukuta upite upepo, rafu ya chini iachwe tupu kwa sababu ya mchwa, na kila vinapofutwa vumbi vifunguliwe. Msafiri naye akumbuke kwamba begi la kilo 23 linajaa vitabu vya sheria kabla hata halijaonekana limejaa. Vya jalada la karatasi vipeleke, vya ngozi viache huku kwenye baridi.

Mwenye Gideon's Trumpet ya mwaka 1964 yenye karatasi yake ya jalada na bei haijakatwa, aniandikie. Nina nakala tatu za The Brethren za kubadilishana, na ninajua hamzitaki.