Wananchi hawapimwi kwa pishi

Mwalimu mmoja wa Tanga anauliza: "Ninapowaeleza watoto sayansi kwa Kiswahili, niseme molekuli ya maji ina kiasi gani cha atomu, au idadi gani? Na wingi wake ni maatomu?"

La pili nalimaliza hapa hapa. Atomu ni atomu, iwe moja, ziwe elfu. Hiyo ma- ikibandikwa kwenye neno kama hili mara nyingi hukuza kitu, na sijui kitu kisichostahili kukuzwa kuliko hicho.

La kwanza: idadi. Molekuli ya maji ina hidrojeni mbili na oksijeni moja, jumla atomu tatu. Ya sukari ya mezani ina kaboni 12, hidrojeni 22 na oksijeni 11. Zijumlishe upate 45. Zinahesabika moja moja. Maneno yenyewe tumeyapata kwa Waarabu: idadi imetoka kwenye kuhesabu, kiasi kwenye kupima. Basi.

Nakushukuru, mwalimu, maana umenipa nafasi ya kumtafuta yule mtangazaji wa kila Jumapili: "Kiasi kikubwa cha wananchi wamejitokeza." Kiasi cha wananchi! Walipimwa kwa pishi au kwa debe? Mpimaji aliwapiga mfuto, au aliwaachia kilele? Na waliomwagika pembeni walizolewa na nani? Mchele una kiasi kwa sababu hakuna mwenye maisha marefu ya kutosha kuhesabu punje. Mayai yana idadi, ndiyo maana trei ikiwa na 29 unagomba. Mwananchi ana kichwa chake, ana kitambulisho chake, bado unamtia kwenye debe?

Najua kuna atakayeniletea "watu kiasi cha mia mbili". Hiyo ni halali. Kiasi hapo ni "wapatao". Asinichanganyie.

Anayenishinda ni mkemia. Yeye anayo "kiasi cha dutu" (dutu ni kitu kama maji au sukari), anaipima kwa moli, na moli moja ni vitu 6.02214076 × 10²³ kamili, namba iliyowekwa rasmi mwaka 2019. Gramu 18 za maji, kijiko cha mezani na matone juu yake, ni kama moli moja ya molekuli, na kila molekuli ina atomu tatu, kwa hiyo zina atomu zinazokaribia 1.8 × 10²⁴. Hakuna aliyekaa akazihesabu. Mkemia huweka maji kwenye mizani, anasoma gramu, kisha anakutajia idadi. Huyo aseme kiasi atakavyo, mizani anayo. Mtangazaji anayo maikrofoni tu.

Mama anayeniuzia chai asubuhi huniuliza, "Sukari kiasi gani?" Nami hujibu, "Vijiko viwili." Yeye kapima, mimi nimehesabu, na mpaka leo hatujagombana.